Kusikiliza Kati ya Herufi na Herufi

Jumapili ya Pili ya Mwaka B (1 Sam 3:3-10, 19, Yn 1:35-42)



Somo la kwanza la leo latuingiza usiku katika hekalu la Shilo, taa ya Mungu ikiwa haijazimika bado. Kijana Samweli amelala. Anasikia anaitwa, anaamka, anakimbia kwa mzee Eli. Mara tatu yanatokea hayo, na mara tatu anakimbilia mahali asipoitwa. Wahubiri wengi humsifu Samweli kwa wepesi wake wa kuitika, nao wana haki. Mimi leo napenda tumtazame zaidi yule mzee. Macho yake yalikuwa yamefifia na wanawe walikuwa wamemshinda, lakini ni yeye aliyetambua kwamba kijana ana mbio za kutosha, ila hana utulivu. Alimrudisha kitandani, akamfundisha jibu fupi mno la kutoa akiitwa tena, kisha asikilize.

Jibu fupi, kisha kimya. Ili tulielewe fundisho hilo, naomba niwapeleke mahali ambapo pengine hamkutazamia padre awapeleke siku ya Bwana, yaani katika chumba cha mtu anayepiga Morse.

Wapo duniani watu waliopewa leseni na serikali zao ya kurusha mawimbi ya redio kwa kuupenda tu ufundi huo na kufahamiana na wenzao wa mbali, bila biashara yoyote. Kila kituo kina jina lake lenye herufi na tarakimu: la Kenya huanza kwa 5Z, la Tanzania kwa 5H, la Uganda kwa 5X. Wengi wao humhesabu Mtakatifu Maximilian Maria Kolbe kuwa msimamizi wao, kwa sababu padre huyo Mfransisko wa Poland alianzisha redio katika konventi yake ya Niepokalanów mwaka 1938, ikajulikana kwa jina SP3RN. Haikupita miaka mitatu akautoa uhai wake kwa ajili ya baba mmoja wa watoto katika kambi ya Auschwitz. Baadhi ya watu hao wa redio huongea kwa mdomo. Wengine, tena si wazee peke yao, hupenda Morse mpaka leo, ingawa sheria za kimataifa ziliacha kuidai katika meli tangu mwaka 1999.

Morse ni lugha yenye sauti mbili: mlio mfupi, uitwao nukta, na mlio mrefu, uitwao kistari, ambao huchukua muda wa nukta tatu. Watu husahau kwamba kuna kitu cha tatu, nacho ni kimya. Kati ya mlio na mlio wa herufi moja kuna kimya cha muda wa nukta moja. Kati ya herufi na herufi, nukta tatu. Kati ya neno na neno, nukta saba. Mpigaji wa mwendo wa kati, wa maneno 20 kwa dakika, nukta yake huchukua sehemu 6 kati ya 100 za sekunde. Kimya kati ya herufi zake basi hakifiki hata sehemu ya tano ya sekunde, na mwenye sikio zoevu huona ni nafasi kubwa.

Chukueni neno letu "sisi". Herufi S ni nukta tatu, na I ni nukta mbili. Neno zima basi ni nukta kumi, wala hakuna kistari hata kimoja. Viondoe vimya vyake, hutasikia ila mlio wa kuku anayedonoa bati. Chukueni tena maneno mawili, "ishi" na "hisi". Herufi H ni nukta nne. Hesabuni wenyewe: kila moja lina nukta kumi na moja. Kinachotenganisha kuishi na kuhisi ni mahali kimya kinapoangukia, basi. Mwalimu wangu wa falsafa seminarini angeupenda sana mfano huu. Angetuweka darasani mpaka kengele ya chakula ipigwe mara mbili.

Hiki ni kimya ambacho mpigaji humwekea msikilizaji wake ili aeleweke. Lakini mwenye kupiga naye ana masikio, na hapo ndipo ninapotaka tufike.

Kwa kawaida mtu anaporusha, hasikii. Walioitumia redio ya mawasiliano ya misioni, ile yenye waya uliofungwa kati ya miti miwili, wanajua. Unabonyeza kitufe, unasema, na wakati huo wewe ni kiziwi kabisa. Unamaliza, unasema "ova", unaachia kitufe, ndipo unasikia. Ukiwa mtu wa maneno mengi, mwenzako aweza kuwa amekupoteza tangu sentensi ya kwanza, nawe unaendelea kuuhubiria upepo.

Wapigaji wa Morse walipata njia nyingine. Maadamu kati ya milio kuna vimya, sikio lifunguliwe katika vimya hivyo. Mtambo hutengenezwa hivi kwamba, mara kibonyezo kinapoachiwa, antena inahamishwa kutoka upande wa kurusha kwenda upande wa kupokea; kibonyezo kikigusa tena, inarudi. Yote hayo hufanyika kwa kufumba na kufumbua, mara nyingi katika sekunde moja. Hivyo mpigaji husikia kati ya maneno yake, kati ya herufi zake, na mtambo ukiwa mzuri sana, hata kati ya nukta na nukta. Ziko herufi tatu za kimataifa za kuulizana habari hiyo, QSK. Ukizipeleka kwa kuuliza, unataka kujua kama mwenzako anaweza kukusikia kati ya milio yake, na kama unaruhusiwa kumkatiza.

Tuseme mtu wa Mombasa anampelekea habari mtu wa Mwanza. Radi inapiga, neno moja linamezwa. Yule wa Mwanza hangoji dakika tano ziishe. Anagusa kibonyezo kidogo, nukta moja au mbili tu. Wa Mombasa anaisikia nukta hiyo katikati ya neno lake, anainua mkono hapo hapo, anaulizwa, anarudia neno lililopotea, wanaendelea. Hakuna aliyekasirika. Kwa watu hao kumkubali mwenzako akukatize ni adabu, na asiyekatizika huhesabiwa mpigaji wa kuchosha, hata kama mkono wake ni mwepesi.

Ustadi huu una gharama. Mtambo wa wati 100 huweka kwenye antena umeme wa volti 70 hivi. Sauti ya mtu wa mbali hufika kwenye antena hiyo hiyo ikiwa dhaifu mno: igawanye volti moja katika vipande milioni, naye amekuletea vichache tu kati ya hivyo. Sauti yetu wenyewe, pale kwetu, ni kubwa kuliko ya mwenzetu mara milioni na zaidi. Kipokezi kilichopigwa na kishindo hicho huziba. Hata mlio ukiisha, hukaa kitambo bado ni kiziwi, kama macho ya mtu aliyetoka juani akaingia ghalani. Mafundi huhangaika sana na kitambo hicho. Mtambo wa namna hii hausifiwi kwa ukubwa wa sauti yake. Huulizwa unachukua muda gani kupona sauti yake wenyewe.

Ndugu zangu, swali hilo tungeweza kulibandika juu ya mlango wa ofisi ya parokia. Mtu aweza kufunga mdomo na bado asisikie, kwa sababu maneno yake mwenyewe yangali yakivuma ndani ya kichwa chake. Mume amemaliza kufoka, ananyamaza, anasema haya sema na wewe. Lakini bado anayapanga upya yale aliyosema, anatafuta alipopungukiwa. Mke akisema, nani atamsikia? Nami ninayesema mbele ya kinasa sauti, simsikii hata mmoja wenu. Ndiyo kasoro ya redio ya namna hii, na barua zenu hunifikia mahubiri mengine yakiwa yamekwisha kunaswa.

Kusikiliza kati ya maneno si jambo la starehe za mafundi peke yao. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli Titanic ilikuwa inavuka Atlantiki katika safari yake ya kwanza. Fundi wake wa redio, Jack Phillips, kijana wa miaka 25, alikuwa na rundo la simu za abiria, za salamu na biashara, azipeleke katika kituo cha pwani cha Cape Race. Mtambo wake ulikuwa umeharibika siku iliyotangulia, kazi ikarundikana. Karibu saa 5 usiku aliitwa na meli nyingine, Californian, iliyokuwa imesimama katikati ya barafu. Fundi wake, Cyril Evans, alitaka kumwarifu habari ya barafu hiyo. Kwa kuwa meli hiyo haikuwa mbali, mlio wake uliingia kwa kishindo masikioni mwa Phillips, ukaifunika sauti hafifu ya Cape Race. Phillips alimjibu kwa ukali anyamaze, kwa maana yeye ana kazi. Evans akanyamaza. Alikuwa fundi peke yake katika meli yake, naye alikuwa kazini tangu asubuhi. Baada ya kusikiliza kidogo akazima mtambo, akaenda kulala. Saa 5.40 Titanic ikagonga mwamba wa barafu. Watu zaidi ya 1,500 walikufa.

Sipendi mahubiri yanayomfanya Phillips kuwa mwovu wa hadithi. Aliendelea kuita msaada mpaka karibu na mwisho, akafa usiku ule ule. Wala hakuna awezaye kuapa kwamba maneno ya Evans yangebadili mwendo wa meli, kwa maana maonyo mengine ya barafu yalikuwa yamekwisha kupokewa siku hiyo. Ninachokitazama ni kidogo zaidi. Sauti ya Evans ilikera kwa sababu ilikuwa karibu. Ya mbali ilihitaji kutegewa sikio, nayo ilipewa sikio. Ya jirani iliingia kwa nguvu, ikafukuzwa. Mama anayezungumza kwa simu na ndugu wa mjini humfukuza mtoto anayevuta kanga yake. Padre anayeandika ripoti ya jimbo humwambia mjane aje kesho. Anayetukatiza mara nyingi ni yule aliye karibu vya kutosha kuiona barafu.

Usiku huo huo katika meli Carpathia, fundi Harold Cottam, naye peke yake, alikuwa anajiandaa kulala. Alikuwa ameanza kuvua koti, lakini visikilizio vilikuwa bado masikioni. Akawaita Titanic kwa hisani tu, awaarifu kwamba Cape Cod wana simu za kuwapa. Aliingia na lake, akajibiwa kwa kilio cha kuomba msaada. Carpathia iligeuza njia na kusafiri maili za baharini zipatazo 58, ikaokoa watu zaidi ya 700.

Kwa miaka mingi baadaye saa za ukutani katika vyumba vya redio melini zilikuwa na sehemu mbili zilizopakwa rangi nyekundu, tangu dakika ya 15 hadi ya 18, na tangu dakika ya 45 hadi ya 48. Mshale ulipoingia katika wekundu huo, kila fundi katika bahari zote, katika masafa yale ya kuombea msaada, alipaswa kuinua mkono na kusikiliza, pasipo kujali ana simu za nani mkononi. Dakika tatu, mara mbili kila saa, mchana na usiku. Nimewahi kuona picha ya saa hiyo, nikafikiri ingefaa sana katika sakristia.

Kwa kweli sisi tunayo yetu. Katika Misa Takatifu padre husema "Tuombe", na liturujia yaagiza kwamba hapo wote pamoja naye wanyamaze kitambo, ndipo isomwe sala. Hicho ndicho kimya cha kati ya herufi na herufi. Mahali pengi kimekufa. "Tuombe" na sala huunganishwa kama nukta kumi za "sisi" zilizopigwa bila nafasi. Vivyo hivyo rozari ya jumuiya, ambapo nusu ya Salamu Maria huanza kabla nusu nyingine haijaisha. Mungu hachoki kusikia, lakini sisi tutasikia lini?

Makatekista wapendwa, niwasimulie habari ya mwenzenu. Nimeruhusiwa na wahusika kuisimulia bila majina. Katika parokia moja niliyotumikia miaka ya nyuma, katekista mzee wa kigango cha mbali alikuwa akiwaandaa wachumba. Alikuwa anajaza maelezo ya awali kabla hawajaletwa kwangu, mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Binti alijibu kila swali vizuri na kwa haraka. Akaulizwa kama anaingia katika ndoa kwa hiari yake, akajibu ndiyo, kwa haraka ile ile. Katekista alikuwa ameinamia karatasi, kalamu tayari. Hakuandika. Aliniambia baadaye: "Baba, jibu lilikuwa sahihi, ila kabla ya jibu binti alivuta pumzi, na kwa maswali mengine hakuvuta."

Akaweka kalamu chini, akatazama nje dirishani, akangoja. Hakumhoji, wala hakumwonya juu ya dhambi ya uongo. Ulipita, alisema, muda wa kusali Salamu Maria tano. Ndipo binti akaanza kulia. Baba yake alikuwa amekwisha kupokea ng'ombe sita, na watatu kati yao alikuwa amewauza kulipa deni. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1103, husema wazi kwamba ndoa inayofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa ni batili. Ndoa hiyo haikufungwa. Mwaka mzima yule baba hakukanyaga kanisani, na wapo waliomlaumu katekista kwa kuvunja sherehe ambayo mchele wake ulikuwa umekwisha kununuliwa. Alivumilia. Binti alikwenda kwa shangazi yake akajifunza ushonaji, na baadaye akafunga ndoa na mtu aliyempenda.

Mzee yule alikuwa na maswali mengi mbele yake na nafasi ndogo sana kati ya swali na jibu. Alisikia hapo hapo, katika nafasi hiyo, kabla binti hajamaliza kusema ndiyo. Angengoja mpaka mwisho wa karatasi ndipo aulize kama kuna neno, binti angesema hapana, asante, akaenda zake. Kwa hiyo mkifundisha, msisubiri saa ya maswali. Ukimwuliza mtoto wa Komunyo ya Kwanza jambo, usimjibie. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kwenye saba hivi wengi huanza kufungua mdomo, nasi kwa kawaida tumekwisha jijibu kwenye tatu.

Katika mpango wa kimataifa wa vituo 18 vilivyotawanywa duniani, Kenya imepewa nafasi yake, kwa jina 5Z4B. Vituo hivyo hupokezana zamu katika masafa yale yale, kila kimoja sekunde 10 katika kila dakika 3. Kituo hutaja jina lake kwa Morse, kisha hupiga vistari vinne: cha kwanza kwa wati 100, cha pili kwa 10, cha tatu kwa 1, na cha mwisho kwa sehemu ya kumi ya wati. Baada ya hapo hunyamaza dakika 2 na sekunde 50, wengine kumi na saba wakisema. Wasikilizaji hutumia vistari hivyo kupima njia ya mawimbi siku hiyo. Cha kwanza husikiwa na wengi. Cha nne hudai chumba kitulie, mlango ufungwe, mtu azuie pumzi, na siku njia ikiwa njema husikika kweli, kutoka bara jingine. Nabii Elia pale Horebu aliupita upepo, tetemeko na moto, akafunika uso wake aliposikia kile kilichokuwa kidogo kuliko vyote.

Tuurudie mto Yordani, katika Injili ya leo. Yohane Mbatizaji alikuwa na sauti kubwa, na umati wa kuisikia. Anamwona Yesu akipita, anasema sentensi moja fupi, ananyamaza. Katika kimya hicho wanafunzi wake wawili wanaondoka, wanamfuata mwingine, naye hawaiti warudi. Yesu anasikia nyayo nyuma yake, anageuka. Hawaanzii fundisho, anawauliza wanatafuta nini. Nao, badala ya kujibu, wanauliza anakaa wapi, naye hakuona wamemkatiza. Aliwakaribisha waje waone. Mwinjili alikumbuka hata saa yenyewe, kwamba ilikuwa yapata saa kumi. Walikaa naye siku ile, na katika yote waliyozungumza mpaka usiku ukaingia, hakuandika hata neno moja.